Magari Mawili Uani kwa Wamboi: Sehemu ya Tisa

Kiganja cha Wamboi kilikuwa juu ya boneti, na boneti ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo tulipomwacha, na hapo ndipo alipobaki, amesimama uani kwa Kang'ethe mjini Ruiru saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumatano, viatu vimejaa tope la Theta, kijijini kwake. Aliambiwa aje saa nne kuliona gari. Akaja mapema makusudi, kwa sababu hivyo ndivyo anavyonunua ng'ombe.

Wafugaji wananielewa. Muuzaji mjanja hamkamui ng'ombe jioni, ili mnunuzi akifika kesho yake saa nne akute kiwele kimejaa hadi kinang'aa, alipe huku anacheka. Mnunuzi aliyewahi kuumwa hufika kabla ya jua na kukishika kiwele kwa mkono wake mwenyewe. Wamboi amefuga ng'ombe wa maziwa miaka thelathini na ametapeliwa mara moja tu, mwaka wa kwanza. Sasa alikuwa ananunua gari, na hakuwa na njia nyingine ya kununua kitu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Kang'ethe akatoka na fulana na kikombe cha chai.

"Mama Kui. Si tulisema saa nne?"

"Tulisema."

"Sasa?"

"Gari iko moto, Kang'ethe."

"Nilitoka kidogo nikanunua maziwa."

Wamboi akatazama chini. Mvua ilikuwa imenyesha hadi saa kumi alfajiri, na udongo wa uani ulikuwa laini kama unga wa chapati uliokandwa. Hakukuwa na alama ya tairi hata moja.

"Ulinunua maziwa bila kukanyaga chini?"

Kang'ethe akanywa chai yake, ingawa ilikuwa inamchoma.

Huyu ndiye aliyesimama kando ya Githae, mume wa Wamboi, siku ya harusi yao kanisani miaka thelathini na moja iliyopita, akiwa na pete mfukoni. Ndiye ambaye hadi leo humwita Wamboi dada mbele za watu. Mwingine angepiga kelele. Wamboi hakuwa na nguvu hizo. Mtu akichoka kiasi fulani, hata hasira huona ni mbali kumfikia.

Sasa, kwa wale wanaojiunga nasi leo, na kwa wale waliofungia nyama gazeti la wiki jana, mambo yako hivi. Figo za Githae zilikufa miaka miwili iliyopita. Kila Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, lazima awe amelala kando ya mashine ya kusafisha damu katika hospitali moja kule Thika. Ijumaa moja mwezi jana gari lao dogo lilikwama kwenye udongo mweusi wa Theta tangu alfajiri hadi adhuhuri. Zamu ikapita. Kufikia Jumapili maji yalikuwa yamejaa kifuani mwa Githae, na binti yao Kui alipigiwa simu atoke Nakuru aje amuone babake akiwa hai.

Alipona. Daktari akasema bahati ya namna hiyo haiji mara mbili. Gari dogo liliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na Wamboi akauza ng'ombe watano kati ya saba. Tangu hapo wamekuwa wakikodi pikapu ya jirani, ile ya kubeba mawe ya kujengea, na kila inaporudi kutoka Thika Githae hushuka akiwa amekunjika kama mtu aliyepigwa.

Wamboi alitaka gari moja lenye mambo mawili: lisikwame, na lisimuumize mgonjwa. Yaliyopatikana ni magari mawili makubwa ya kitajiri yaliyokwisha kutumika. Moja la Kang'ethe, limetengenezwa Uingereza. La pili liko Thika, la Kijapani. Wao wenyewe wanayaita Mwingereza na Mjapani, nasi tutafanya hivyo hivyo. Majina ya kampuni tuyaache, wenye kampuni wana mawakili na mimi sina.

Turudi uani.

"Mwambie," sauti ya mwanamke ikasema. "Ama nimwambie mimi."

Alikuwa Emmaculate, mke wa Kang'ethe, amesimama mlangoni na leso kichwani.

"Emma, rudi ndani."

"Hiyo gari hulala, Mama Kui."

"Hulala aje?"

"Chini. Jioni unaizima ikiwa imesimama vizuri kama askari. Asubuhi unaikuta imekaa na tumbo. Haina springi kama gari zetu, ina mifuko ya hewa, na hewa inatoka usiku. Sasa lazima uwashe, ungoje pampu ijaze, ijiinue. Siku zingine dakika tano. Siku zingine nusu saa. Huyu huamka saa kumi na moja kuiamsha, ndiyo majirani wasione."

Wamboi akamwangalia Mwingereza. Alikuwa amesimama wima, mweusi, anang'aa, kana kwamba si yeye anayesemwa. Wamboi aliwahi kuwa na ng'ombe wa namna hiyo, aliyezaa kisha akashindwa kusimama. Unamwekea dawa kwenye mshipa, unamsukuma na bega, unangoja. Wengine huinuka.

"Na siku isipoinuka?"

"Haijawahi kukataa kabisa," Kang'ethe akasema.

"Januari," Emmaculate akasema.

"Januari ilikuwa pampu."

"Na Aprili?"

"Aprili ilikuwa kompyuta. Fundi mwenyewe alisema ni kompyuta."

"Mimi nimekaa na hiyo gari miaka mitano," Emmaculate akamwambia Wamboi, "na sijawahi kuipanda bila kubeba viatu vya kutembea. Viko kwa buti saa hii. Fungua uone."

Wamboi akazunguka nyuma ya gari, akafungua buti. Viatu vilikuwepo, vyeusi vya raba, na soksi zimeviringishwa ndani.

Angeondoka hapo hapo, mambo yangekwisha na mimi ningetafuta kazi nyingine. Kwa kweli alikwisha kugeuka. Lakini Kang'ethe akamfungulia mlango wa mbele na kusema kwa sauti ya chini, "Sikuficha kwa ubaya. Nataka Githae aipate. Keti tu, Mama Kui. Dakika tano."

Akaketi, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma.

Kang'ethe akamzungusha nyuma ya mtaa, pale barabara ilipochimbwa ili kupitisha mabomba na kuachwa hivyo. Wamboi akashika mpini wa mlango, akauma meno, akingojea. Hakuna kilichokuja. Mashimo aliyaona kwa macho lakini mwili haukuyasikia. Kikombe cha chai cha Kang'ethe, alichokuwa amekiweka kati ya viti, hakikumwaga hata tone. Akafikiria uso wa Githae kila Jumanne na kila Ijumaa wakirudi, na machozi yakamlenga.

"Kukaa na hii gari ni kama kukaa na mgonjwa," Kang'ethe akasema, kisha akasikia alichosema. "Pole. Sikumaanisha hivyo."

"Endelea."

"Unaamka usiku kuiangalia. Unajua kila sauti yake. Watu wanakuambia uachane nayo. Halafu siku ikiamka vizuri inakubeba hivi, na unasahau yote."

Miaka miwili watu walikuwa wamemletea Wamboi pole za kila aina, na hakuna aliyewahi kuyaeleza maisha yake sawasawa namna hiyo. Aliyeweza alikuwa anazungumzia gari.

"Ije ilale kwangu hadi Ijumaa," akasema. "Ingekuwa ng'ombe ningelala mimi hapa kwako, lakini siwezi kumwacha Baba Kui peke yake."

Saa nane mchana alikuwa Thika, katika duka la mabati na mabomba la Viren, mwenye Mjapani.

Viren ni mtoto wa marehemu Champaklal, na Champaklal alinywa maziwa ya Wamboi kwa miaka kumi na minane. Kijana alikulia maziwa hayo. Alipomwona Wamboi anaingia aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hawafanyii wakandarasi.

"Mama, chai?"

"Niambie ukweli kwanza. Umekaa na hiyo gari. Inakusumbua wapi?"

Viren alifungua droo akatoa kitabu cha sevisi, kimevimba kwa kushikwashikwa. Champaklal alikuwa ameandika humo kwa mkono wake miaka kumi na minne, kwa Kiswahili, kwa sababu fundi wake hakusoma Kigujarati. Tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, kisha mwisho wa kila mstari maneno yale yale: Limewaka bila shida. Wamboi akafunua kurasa. Limewaka bila shida. Limewaka bila shida. Safari ya Garissa, mvua kubwa, limewaka bila shida.

"Na haina kelele," Viren akasema. "Baba alikuwa anaiwasha kila siku saa kumi na moja na nusu aende hekaluni. Mtoto wangu analala chumba cha juu ya gereji, hajawahi kuamka. Hata mama hakuwa anajua kama baba ametoka."

"Sasa ubaya?"

Kijana akacheka kidogo. "Baba alikuwa na mgongo mbaya. Alisema hii gari ina moyo mzuri na makalio ya mbao. Mama, nikuambie vile iko. Haitakuacha mahali. Lakini haitakuonea huruma."

"Nataka ilale kwangu hadi Ijumaa."

"Ilale?"

"Ilale."

"Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

Viren akautoa ufunguo mfukoni. Wamboi akauliza atie sahihi wapi. "Hakuna," Viren akasema. "Mzee alituambia mtu aliyekuletea maziwa miaka yote hiyo bila kuongeza maji, usimwandikishe."

Jioni hiyo uani kwa Wamboi kulikuwa na magari mawili ambayo Theta nzima ilikuwa haijayaona pamoja. Majirani wanne walikuja kuomba chumvi. Gachau, kaka yake Githae, alipiga simu na kusema, "Naskia siku hizi mumekuwa matajiri," na Wamboi akamwambia ndiyo, wamekuwa, akakata.

Funguo mbili akazitundika kwenye msumari ulio kando ya mlango wa jikoni, pamoja na ufunguo wa zizi, mahali anapotundika kila kitu. Msumari huo mukumbuke.

Kisha akafanya anachofanya kila usiku. Githae hulala kwenye kiti kikubwa sebuleni, maana akilala chali hapati pumzi. Wamboi akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya mkono wa kushoto wa mumewe, pale madaktari walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine. Pakiwa salama panatetemeka chini ya ngozi, taratibu, kama paka anapokoroma. Palitetemeka. Akaenda kulala.

Alhamisi ikawa siku ya kuwapima.

Mwingereza alikuwa amekaa chini, tumbo karibu liguse matope. Wamboi akawasha na kusimama kando na simu mkononi akihesabu. Dakika kumi na nne. Aliinuka mbele kwanza, kisha nyuma, kisha akatikisika kidogo akatulia. Githae aliyatazama hayo kutoka barazani na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka.

"Huyo ameamka kama mimi," akasema.

Wamboi alijifunza udereva Githae alipougua, na huendesha kama anayebeba mayai. Alimpeleka mumewe kwa barabara ya mawe hadi Murera. Hawakuwa wamefika nusu ya njia alipotazama kando. Kichwa cha Githae kilikuwa kimeangukia dirishani na mdomo wazi. Akasimamisha gari, akamshika mkono wa kushoto. Panatetemeka. Mtu alikuwa amelala tu. Alikuwa anakoroma.

Wamboi aliketi pale kando ya barabara na injini inanguruma, hataki kuendelea, hataki kurudi. Alitaka amtazame tu akiwa amelala.

Baadaye ikawa zamu ya Mjapani. Huyu aliwaka ufunguo ulipoguswa, na sauti yake haikufika hata zizini. Wamboi alimpeleka pale pale gari dogo lilipokufa mwezi jana, kwenye tope jeusi la kufika magotini. Mjapani akapita. Hakuteleza, hakukohoa. Wamboi alisikia kama ametuliwa gunia kichwani.

Kisha wakafika kwenye mawe. Githae akashika mpini juu ya mlango kwa mikono miwili. Walipofika nyumbani alikuwa ameuma mdomo, na kulikuwa na damu kidogo kwenye kola ya shati.

Walikaa barazani hadi jioni, mvua inarudi. Githae alikuwa na chai yake ya kupimiwa, kikombe kidogo ambacho mtoto angekimaliza kwa pumzi moja. Yeye hukinywa saa nzima.

"Chukua ya Viren," akasema.

"Baba Kui, umeuma mdomo hadi damu."

"Ni kweli."

"Kwa ile nyingine ulilala. Ulikoroma."

"Ni kweli pia. Sijalala hivyo tangu haya mambo yaanze."

"Sasa?"

Githae akageuza kikombe mkononi. "Mzee Champaklal alikaa nayo miaka kumi na minne. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na bado inawaka. Ukiitunza, wewe utakaa nayo mingine kumi na minne."

"Tutakaa nayo."

Githae akanywa tone moja la chai. "Hiyo ya Kang'ethe ni gari ya mtu wa muda mfupi, Wamboi. Ataifurahia, ataenda zake. Shida zake zitamngoja mwenye kubaki."

Hakuwa amemwita Wamboi tangu Kui azaliwe. Miaka yote ilikuwa Mama Kui. Wamboi alielewa jina hilo limetoka wapi na linaenda wapi, akatamani asingeelewa. Mwanamume huyu hakuwa anachagua gari la kumpeleka Thika. Alikuwa anachagua gari la mkewe kubaki nalo.

"Sinunui gari ya mjane," Wamboi akasema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nimeuza ng'ombe watano ninunue gari ya kukufikisha kwa mashine. Ya kubaki nayo sikuuzia hata kuku."

"Mimi nimechoka, Mama Kui."

"Hata mimi nimechoka."

"Najua," Githae akasema. "Ndiyo maana."

Mvua ikashika mabati, na kwa muda hakuna aliyeweza kusikia mwenzake hata angesema. Wamboi alishukuru. Uso wake ulikuwa umelowa na hakukaa karibu na mvua.

Ilipopungua alikuwa amekata shauri, na wasomaji wangu wenye akili timamu nitawasikia mkinifokea. Alimchagua Mwingereza. Alijua ya pampu, ya kompyuta, ya viatu vya Emmaculate. Akamchagua kwa sababu ya nusu saa moja ya usingizi kando ya barabara ya Murera.

"Kesho tunaenda Thika na ya Kang'ethe," akasema. "Utalala njia yote. Tukirudi ninamlipa, na Viren ninamrudishia yake."

Githae akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, hilo ugonjwa haukuligusa. Hakubishana, na hilo peke yake lilipaswa kumshtua mkewe, kwa sababu katika miaka thelathini na moja hakuna jambo ambalo Githae hakubishia. Alisema tu, "Niletee kile kitabu cha mzee nisome. Na kalamu."

Wamboi akampelekea kitabu cha sevisi na kalamu. Akampigia simu jirani mwenye pikapu, akamwambia kesho asije, wana magari mawili. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe. Panatetemeka. Akalala, na kwa kuwa jambo lilikuwa limeamuliwa, alilala usingizi mzito.

Saa kumi na moja alfajiri alikwenda zizini kuwakamua ng'ombe wawili waliobaki. Mpango ulikuwa umekaa vizuri kichwani mwake: akamue, amwashe Mwingereza saa kumi na moja na nusu, aoge huku gari linajiinua, na kabla ya saa kumi na mbili wawe njiani. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya zizi. Hakusikia kitu kingine, na hakukuwa na kitu cha kusikika.

Aliporudi na ndoo ya maziwa sebule ilikuwa giza. Akamwita Githae kwa sauti ndogo ili asimshtue. Akaenda kwenye kiti, akapiga magoti kama kawaida, akanyoosha kiganja.

Kiti kilikuwa kitupu. Na kilikuwa baridi.

"Baba Kui?"

Chooni hakuwepo. Chumbani hakuwepo. Akachukua simu akampigia, na simu ikaita kutoka chini ya mto wa kile kiti.

Wamboi akageuka kuelekea mlango wa jikoni. Kwenye msumari kulikuwa na ufunguo wa zizi na ufunguo mmoja wa gari. Mjapani hakuwepo. Gari lisiloamsha mtoto wala mke lilikuwa limetoka hatua thelathini kutoka mahali alipokuwa amekaa akikamua.

Mara moja akajipa moyo. Ametangulia Thika, akajiambia. Ameamua kujipeleka, mjeuri wa kuzaliwa, ili aonyeshe kwamba Mjapani ndiye. Ni miaka miwili hajashika usukani lakini barabara anaijua.

Kisha akaona meza.

Faili ya hospitali ilikuwa pale, na kadi yake ya mashine juu, ile ambayo bila hiyo hawamgusi mtu. Juu ya kadi kulikuwa na kitabu cha sevisi, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Chini ya mistari ya Champaklal kulikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko wa Githae uliopinda tangu mkono wake uanze kufa ganzi.

Ijumaa, saa kumi na moja na dakika kumi. Limewaka bila shida. Mwenye gari ni Wamboi. Mimi nimeliendesha leo tu.

Wamboi akausoma mara mbili. Alikuwa amechunguza magari mawili siku mbili mchana na usiku, amegusa boneti, amehesabu dakika, amefunua kitabu ukurasa kwa ukurasa, kama anavyofanya kwa ng'ombe. Ambaye Wamboi alisahau kumchunguza alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni, akimtabasamia.

Akatoka mbio hadi langoni, bila viatu. Lango lilikuwa wazi. Kushoto ni njia ya Juja na Thika, ya mashine, ya zamu ya saa moja. Kulia ni njia ya Ruiru. Alama za tairi za Mjapani zilikuwa pana, zimezama sawasawa kwenye udongo mweusi, hakuna mahali zilipoteleza. Zilitoka langoni zikakata kulia.

Ruiru kuna Kang'ethe. Ruiru pia kuna daraja la mto, kuna barabara kuu ya Nairobi, kuna dunia nzima ya kupotelea. Na mtu asiyesafishwa damu Ijumaa, Wamboi alikuwa ameshaona Jumapili yake inavyokuwa.

Jirani mwenye pikapu alikuwa ameambiwa asije. Mvua ilikuwa inazidi, na zile alama mbili za tairi zilianza kujaa maji.

Akarudi uani akikimbia. Mwingereza alikuwa amelala chini kuliko jana, matope yamefika milangoni. Wamboi akachukua ufunguo, akaingia, akawasha. Injini ikanguruma. Kwenye dashibodi taa ya manjano ikawaka, kisha pampu ikaanza kulia chini ya miguu yake, mlio mwembamba wa mtu anayejikaza.

"Amka," akamwambia. "Tafadhali. Leo tu."

Pua ya gari ikainuka kidogo kidogo, hadi akaliona lango, akaziona alama za tairi zikielekea kulia na maji yakizifuta. Akangoja upande wa nyuma. Pampu ikalia, ikalia, ikanyamaza. Nyuma hakukuinuka.

Wamboi akashuka kwenye mvua, akaenda nyuma ya gari, akafungua buti. Akavitoa viatu vya Emmaculate, akavivaa.